Picha ya Ugonjwa Haitaki Marembo

Siku hizi si ajabu muuguzi kuletewa mgonjwa akiwa ndani ya simu. Mtoto ametoka vipele huko Mlingotini, mama anampiga picha, anamtumia wifi yake aliyeko mjini Bagamoyo, naye wifi anakuja nayo hospitali na kuuliza: "Sista, hivi ni vya kulazwa hivi?" Hatuidharau picha ya namna hiyo. Mabingwa wa ngozi ni wachache nchini, na kituo kikubwa cha kuwafundishia, kilichoanzishwa mwaka 1992 pale KCMC, kiko Moshi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Picha iliyopigwa vema humsaidia tabibu kuamua nani aje leo na nani angoje kliniki ya juma lijalo. Shida ni kwamba picha nyingi zinazoletwa zimekwisha kurembeshwa.

Simu nyingi zinazouzwa madukani zina mpango wa kupendezesha sura, na katika baadhi yake mpango huo umewashwa tangu kiwandani, hasa kwenye kamera ya mbele. Kazi yake ni kufuta madoa, kulainisha ngozi na mara nyingi kuing'arisha. Kwa picha ya arusi hakuna ubaya. Lakini sisi doa ndilo tunalolitafuta! Ukoma, kwa mfano, aghalabu huanza kwa baka lililofifia rangi, lisilouma wala kuwasha. Programu ya kulainisha hulipitia baka hilo kama fundi apakavyo chokaa ukutani. Mtazamaji haoni kitu, mgonjwa anabaki nyumbani, na huku mishipa ya fahamu ya mkono wake inazidi kuharibika. Nao ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za bure: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi.

Basi kabla ya kupiga, fungua kamera, tafuta alama ya urembo au ya kulainisha ngozi, uizime kabisa. Tumia kamera ya nyuma. Ile ya mbele, katika simu nyingine, hugeuza kushoto kuwa kulia, na wewe hutaki mguu mzima ndio ufungwe bendeji. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu ya mtu ashindaye soko la samaki huwa na mafuta na chumvi, na picha hutoka kama imepigwa ndani ya ukungu.

Mwanga ndio jambo kubwa. Nyumba ya makuti ina giza, na taa ya usiku huweka unjano kwenye kila kitu. Jua la saa sita nalo ni kali mno. Mahali pazuri ni barazani au chini ya mwembe, asubuhi, bila kuwasha taa ya kamera. Kama ngozi imepakwa mafuta ya nazi, ifute kwanza taratibu, maana mafuta hung'aa na kuficha upele. Lakini kidonda kibichi usikisugue. Weka karatasi nyeupe kando yake ili tujue rangi halisi, na njiti ya kiberiti ili tujue ukubwa, visiguse kidonda. Piga picha moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, na nyingine ya karibu. Usiongeze rangi wala mwanga baadaye. Wengine huongeza wekundu wakidhani ndivyo ugonjwa unavyoonekana. Kumbe kwenye ngozi nyeusi uvimbe wenye maambukizo huweza kuonekana wa zambarau, au mweusi zaidi tu.

Pamoja na picha andika maneno: kilianza lini, kinauma au hakina hisia, kuna homa? Kamera haijui kugusa.

Kuna mambo yasiyongojea picha. Mtoto mchanga mwenye umanjano katika saa 24 za kwanza, au mwenye viganja na nyayo za njano, aletwe mara moja. Simu hujirekebishia rangi yenyewe na inaweza kuuondoa unjano huo wote. Vivyo hivyo mtoto asiyenyonya au mwenye degedege. Aliyeumwa na nyoka naye asicheleweshwe watu wakimsaka nyoka vichakani ili apigwe picha.

Tena, mwili ni wa mwenyewe. Mwombe ruhusa, usionyeshe uso pasipo lazima, na sehemu za siri usizitume, njoo nazo. Picha iende kwa mhudumu mmoja, si kwenye kundi la ukoo wala la kwaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Kwa mwenye kidonda cha kisukari mguuni, picha zinafaa hata zaidi zikipigwa kila wanapobadilisha bendeji, umbali uleule, mahali palepale, njiti kando. Siku ya kliniki tabibu huzipanga kwa tarehe na kuona kama kidonda kinafunga au kinachimba. Kikipona, zifute kwenye simu, kwa sababu simu za nyumbani huchezewa na watoto wote wa mtaa.