Programu ya ulinzi ilipozidiwa na hesabu

MWENYE karafuu wa Pemba anaijua mizani ya kutundika yenye uso wa duara. Tuseme mshale wake huzunguka mara moja kwa kila kilo 100. Gunia la kilo 105 likitundikwa, mshale hupita sifuri na kusimama kwenye 5. Asiyeuona mzunguko ataandika kilo tano, na gunia zima litaingia ghalani.

Kompyuta nayo huteleza hivyo hivyo. Nafasi ya biti 32 hubeba hesabu hadi 4,294,967,295. Ikiongezwa moja, hurudi sifuri. Aprili 2003 kampuni ya Core Security, yenye asili ya Argentina, ilitangaza kasoro ya aina hiyo ndani ya Snort, programu ya bure ya kuchungulia mitandao na kugundua wavamizi, iliyoanzishwa na Martin Roesch wa Marekani mwaka 1998.

Kasoro ilikuwa katika sehemu inayounganisha vifurushi vya data vinavyopita. Mvamizi akituma vifurushi vyenye namba za hila, hesabu ya ukubwa ilizidi nafasi yake. Programu iliona mzigo unaenea, ikaupokea, nao ukafurikia kumbukumbu isiyokuwa yake. Hapo mvamizi aliweza kuendesha amri zake katika mashine ile ile ya ulinzi. Wala hakulazimika kujua mashine hiyo iko wapi: ilitosha vifurushi vipite katika mtandao unaochunguliwa.

Matoleo ya 1.8 hadi 1.9.1 yaliathirika. Dawa ilikuwa toleo la 2.0, nalo lilikuwa la bure; kilichogharimu ni mtu wa kukumbuka kuliweka.

Soko halikuiadhibu Snort. Sourcefire, kampuni ambayo Roesch aliianzisha mwaka 2001, iliingia Nasdaq Machi 2007 kwa dola 15 kwa hisa. Mwaka 2013 Cisco iliinunua kwa dola 76 kwa hisa, jumla takriban dola bilioni 2.7. Kasoro iliyotangazwa na kutibiwa haikumfukuza mnunuzi.

Mfanyabiashara wa Wete au Mkoani, ambaye fedha zake za karafuu au mwani hupitia benki na simu, haioni mashine inayolinda njia hiyo. Iliyo chini yake ni ile ya dukani. Fundi aulizwe programu ya ulinzi ni toleo gani na lilibadilishwa lini, na tarehe hiyo iandikwe katika mkataba wa matengenezo kabla ya malipo ya mwaka.