Chapa ya Ng'ombe, Chapa ya Mkebe

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Palikuwa na mama mmoja mjini Merti, karibu na Mto Ewaso Ng'iro, ambaye nyirinyiri zake hazikuwa na mfano. Nyama aliichana vipande virefu vyembamba, akaianika, akaikatakata, akaikaanga, kisha akaizamisha ndani ya samli yenye iliki. Ilikaa miezi bila kuoza. Aliitia mikebeni, na kwenye kila mkebe akachora choroa mwenye pembe ndefu, chini yake akaandika: Choroa wa Waso. Malori ya mifugo yaliposhuka Nairobi, mikebe ilishuka nayo, na pale Kiamaiko watu wakawa wanauliza, "Ile ya choroa ipo?"

Siku moja dereva akarudi na mkebe mgeni. Choroa yule yule, jina lile lile, lakini nyama ya ndani ilikuwa imechacha. Aliyeipika hakuwahi kukanyaga Merti. Na mteja aliyeumwa tumbo alimlaani nani? Mama yetu!

Huyu ni mama wa hadithi, wanangu, lakini wizi wa namna hii upo. Mwizi hakugusa hata mkebe mmoja wa mama. Alichukua sifa yake njema, ambayo mama aliijenga kwa miaka.

Sasa niambieni: ng'ombe akipotea, akaonekana katika zizi la mwingine, mnamdaije? Mnataja chapa iliyo pajani na alama iliyokatwa sikioni. Wazee wanatazama, ubishi unakwisha. Kenya ina hata sheria ya chapa za mifugo, yenye daftari la kuziandika. Jina la bidhaa na mchoro wake navyo vina daftari lao. Linatunzwa Nairobi na ofisi iitwayo KIPI, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001.

Mama akapeleka maombi yake huko. Wachunguzi wakapekua kama kuna mwingine mwenye alama inayofanana na yake. Walipoona hakuna, wakaitangaza kwa siku 60, ili mwenye pingamizi aseme. Hakutokea mtu. Choroa wa Waso akawa alama ya biashara ya mama kwa miaka 10, na kila miaka 10 ikitimia anaweza kulipia tena. Aliyeiga sasa alikuwa na kesi ya kujibu.

Jihadharini na kosa moja hapa. Wengi husajili jina la biashara kwenye eCitizen, wakadhani kazi imekwisha. Cheti kile kinaonyesha kuwa biashara ipo na mwenyewe ni nani. Hakitoshi kumzuia mwingine asibandike jina hilo kwenye bidhaa zake. Kwa hilo inatakiwa alama ya biashara.

Mama ana mali nyingine pia. Mchoro wa choroa una hakimiliki tangu siku ulipochorwa, na hakimiliki hiyo hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Akibuni mtambo mpya wa kukaushia nyama, anaweza kuombea hataza ya miaka 20; na awahi kuomba kabla hajauonyesha sokoni, maana hataza hutolewa kwa kitu kipya. Na kipimo chake cha viungo? Hicho akifiche. Wasaidizi wake watie sahihi kwamba hawatakitoa nje.

Je, anaweza kulisajili neno "nyirinyiri" liwe lake peke yake? Hapana. Angekuwa anawapokonya majirani jina la chakula chao. Jambo la aina hii liliwahi kuwakuta wauza vikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko kwao jina "Kikoy". Lingepita, Mkenya angeuzaje kikoi Uingereza bila kuthubutu kukiita kikoi? Shirika la Traidcraft likaungana na wafanyabiashara wa Kenya, pingamizi likawekwa, na ombi lile likaanguka.

Kisha kuna mali ambayo ni ya jamii nzima. Mtazameni ng'ombe wa Kiborana, yule mwenye nundu. Vizazi na vizazi vya wafugaji vilimchagua fahali anayevumilia kiu na jua, na jike anayelea ndama wake hata malisho yakikauka. Wenye mashamba makubwa ya Laikipia na kwingineko wakanunua ng'ombe hao, wakawaendeleza, na mwaka 1951 wakaunda chama chao. Leo ng'ombe wanaoitwa Boran wanafugwa hadi Zambia, Afrika Kusini na Australia. Waliowaendeleza walifanya kazi kubwa. Lakini kazi ya kwanza, iliyo ngumu zaidi, ilifanywa na mababu zenu kwa macho na kumbukumbu, na hawakuandikiwa haki yoyote juu yake.

Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii kuhusu mimea na wanyama. Na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti, Isiolo ikiwemo, kazi ya kuyakusanya na kuyasajili. Mgeni anayetaka kuyatumia kibiashara lazima kwanza apate ridhaa ya jamii yenyewe.

Basi kazi ipo, nanyi mnaojua kusoma na kuandika ndio wenye kuifanya. Muulizeni bibi ni mti gani anaofukizia vyombo vya maziwa ili yasiharibike upesi. Muulizeni babu anamjuaje fahali mzuri angali ndama. Waombeni ruhusa, andikeni tarehe na jina la aliyewafundisha, na msiyatupe maarifa hayo mitandaoni kabla wazee hawajakubali. Kisha waambieni wazee wayafikishe kwenye kaunti. Nanyi mkianza biashara zenu, chagueni jina na mchoro wenu wenyewe. Msichukue wa jirani hata kama hajausajili, kwa kuwa jasho lililoujenga ni lake.