Nyaraka za Mshairi Avukaye Mpaka: Okot p'Bitek na Somo kwa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi nyaraka za mshairi, msanii na mwanaharakati aliyeishi pande mbili za mpaka zinavyotawanyika, na jinsi zinavyoweza kusomwa kwa pamoja bila kuhamishwa. Mfano mkuu ni Okot p'Bitek (1931–1982), ambaye maisha yake ya kazi yaligawanyika kati ya Uganda na Kenya. Mfano wake unalinganishwa na wa Gloria Anzaldúa, mshairi wa Kichikano kutoka mpaka wa Marekani na Meksiko. Hoja kuu ni kwamba hatua ya kwanza inayohitajika ni rejesta ya pamoja ya nyaraka, na kwamba Busia na Tororo ni mahali panapofaa kuianzishia.

1. Utangulizi

Mnamo Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Kwa utaratibu wa kituo hicho, lori litokalo Mombasa kwenda Kampala hukamilisha taratibu za nchi zote mbili katika upande linakoingia, ambako maafisa wa mataifa mawili hufanya kazi chini ya paa moja. Karatasi za mshairi hazina kituo kama hicho. Mtafiti anayefuatilia maisha ya mtu aliyefanya kazi Kampala, Kisumu na Nairobi hupita ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ina sheria yake, faharasa yake na mpaka wake wa kile inachokitambua kuwa chake.

Kwa neno nyaraka, makala haya yanakusudia miswada, barua, shajara, picha, kanda za sauti, ratiba za matamasha na karatasi nyingine ambazo mtu huziacha kutokana na kazi zake. Swali linaloulizwa ni hili: mtu aliyevuka mpaka akiwa hai, nyaraka zake zitunzwe na zielezwe vipi ili msomaji wa upande wowote aweze kuzifikia?

2. Mpaka uliowavuka watu

Tarehe 1 Aprili 1902, Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda, pamoja na Kisumu, lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wakazi hawakuhama, mstari ndio uliohama. Hadi leo Wasamia na Waiteso wanaishi pande zote mbili, na Jopadhola wa Tororo wanazungumza lugha iliyo katika jamii moja na Kijaluo cha Kenya na Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda. Bethwell Ogot, alipoandika historia ya Wajaluo wa kusini iliyochapishwa mwaka 1967, alilazimika kukusanya masimulizi ya Padhola pia, kwa kuwa historia hiyo haikuweza kukatwa kwa mstari wa mwaka 1902.

Matokeo yake katika nyaraka za serikali yanajulikana kwa kila mwanahistoria wa eneo hili: mambo ya kabla ya 1902 hutafutwa Uganda, na ya baadaye hutafutwa Kenya. Tena sehemu nyingine haikubaki Afrika Mashariki. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wapiganaji wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa inahifadhi Hanslope Park majalada yaliyoondolewa katika makoloni yake ya zamani, Kenya na Uganda zikiwamo. Majalada hayo yalihamishiwa baadaye katika hifadhi ya taifa ya Kew. Iwapo karatasi za dola zenyewe zilipotea machoni kwa nusu karne, karatasi za mshairi zina ulinzi mdogo zaidi.

3. Okot p'Bitek: maisha ya vituo vingi

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931. Riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar, ilitoka mwaka 1953. Alikwenda Uingereza akiwa mchezaji wa timu ya mpira ya Uganda, akabaki kusoma elimu Bristol, sheria Aberystwyth na anthropolojia Oxford, ambako aliandika tasnifu kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Aliporejea aliandaa matamasha Gulu, kisha akakabidhiwa uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda mjini Kampala. Baada ya kuikosoa serikali aliondolewa katika wadhifa huo mwishoni mwa miaka ya 1960, akavuka kwenda Kenya. Alifanya kazi ya elimu ya watu wazima Kisumu, akaandaa huko tamasha la sanaa mwaka 1968. Kisha alishiriki programu ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, akafundisha Nairobi katika miaka ya 1970 na Ife, Nigeria, kabla ya kurudi Makerere. Alifariki mwaka 1982.

Vitabu vyake navyo vilivuka mpaka. Song of Lawino ilichapishwa Nairobi mwaka 1966 kwa Kiingereza, ilhali matini ya Kiacholi, Wer pa Lawino, iliyotungwa kabla yake, ilichapishwa mwaka 1969. Tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ilitoka mwaka 1975. Mwaka 2001 Taban lo Liyong alichapisha tafsiri nyingine ya Kiingereza kutoka matini ya Kiacholi, kwa hoja kwamba Kiingereza cha Okot mwenyewe hakikubeba yote yaliyomo katika asili. Mjadala huo unaonyesha thamani halisi ya miswada. Je, mtunzi alifupisha kwa hiari yake, kwa ushauri wa mhariri, au kwa sababu lugha ya pili haikumpa nafasi? Kitabu kilichochapishwa hakiwezi kulijibu swali hilo peke yake. Jawabu lake limo katika rasimu, katika maneno yaliyofutwa, na katika barua kati ya mtunzi na mchapishaji.

4. Kwa nini nyaraka hutawanyika

Kanuni ya kwanza ya utunzaji wa nyaraka ni kuheshimu chimbuko: karatasi zilizozalishwa na chombo kimoja hukaa pamoja, katika mpangilio wake wa asili. Kanuni hii ni njema, kwani barua iliyotolewa katika jalada lake hupoteza nusu ya maana yake. Lakini kwa mtu wa vituo vingi, kanuni hiyohiyo huzaa mtawanyiko. Tasnifu hubaki Oxford. Kumbukumbu za ajira hubaki kwa kila mwajiri. Barua alizoziandika zimo katika makasha ya waliozipokea, na alizozipokea zimo kwa familia.

Mfano wa sauti unatosha kulidhihirisha jambo hili. Katika miaka ya 1960, Transcription Centre ya London ilirekodi mahojiano na waandishi wengi wa Afrika. Okot alihojiwa na Robert Serumaga, Mganda mwenzake, na mahojiano hayo yaliingizwa katika kitabu African Writers Talking cha mwaka 1972. Kumbukumbu za kituo hicho leo zimo Harry Ransom Center, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Waganda wawili walizungumza, na anayetaka kuijua kazi ya kituo kilichowakutanisha anaelekezwa Texas.

Sheria za nchi zetu mbili hazikutungwa kwa hali hii. Sheria ya Kenya ya nyaraka za umma, Sura ya 19, na Sheria ya Uganda ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001, zote kitovu chake ni karatasi za serikali ya nchi moja.

5. Ulinganisho: mshairi wa mpaka mwingine

Austin hiyohiyo inatupa mfano wa pili. Wachikano ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na wengi wao husema kuwa mpaka ndio uliowavuka, baada ya mkataba wa mwaka 1848 kuliingiza eneo kubwa la Meksiko katika Marekani. Gloria Anzaldúa (1942–2004) alizaliwa katika bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas. Alikuwa mshairi, mwananadharia na mwanaharakati aliyependa pia kuchora mawazo yake. Kitabu chake Borderlands/La Frontera cha mwaka 1987 kinachanganya Kiingereza, Kihispania na Kinahuatl kwa makusudi.

Mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kifo chake, nyaraka zake zilichukuliwa na Benson Latin American Collection ya chuo hicho. Rasimu, barua, kanda na michoro viliwekwa pamoja na kuelezwa katika mwongozo mmoja. Faida yake ilionekana miaka kumi baadaye: mwaka 2015 AnaLouise Keating alihariri na kuchapisha Light in the Dark, kitabu ambacho Anzaldúa alikiacha bila kukikamilisha. Kama miswada hiyo ingegawanywa kati ya marafiki na vyuo, ni vigumu kuona jinsi kitabu hicho kingetoka.

Hata hivyo mfano huu una upungufu wake kwetu. Hifadhi ya Austin ni tajiri, lakini iko mbali na bonde alikozaliwa mshairi. Kuzikusanya nyaraka zote mahali pamoja kunamsaidia mtafiti mwenye nauli. Mwalimu wa sekondari wa mpakani anahitaji njia nyingine.

6. Umiliki wa karatasi na umiliki wa maneno

Kabla ya kupendekeza njia hiyo, jambo moja la kisheria lifafanuliwe, kwa kuwa huzua migogoro mingi. Aliye na karatasi mkononi si lazima awe mwenye haki ya maneno yaliyomo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 ziliweka kipindi cha ulinzi cha maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 1982, kipimo hicho kinafika mwaka 2032. Maktaba inaweza kuwa na barua kihalali na bado ikahitaji idhini ya warithi ili kuichapisha. Kwa hiyo familia haipaswi kuogopa kwamba kuweka nyaraka amana ni kupoteza haki, na taasisi haipaswi kudhani kwamba kupokea kasha ni kupata haki zote.

7. Mapendekezo

Kwanza, iandaliwe rejesta ya pamoja ya nyaraka za watunzi na wasanii waliofanya kazi pande zote mbili. Rejesta haihamishi karatasi yoyote; inaeleza kipo nini, kiko wapi, kwa lugha gani, na kinasomwa kwa masharti gani. Nakala zake ziwekwe Busia na Tororo, mahali panapofikika na watu wa pande zote mbili.

Pili, maelezo ya rejesta yaandikwe kwa Kiswahili pamoja na lugha ya nyaraka husika. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Hii ni kazi ya kiutendaji ambayo lugha hiyo inaweza kupewa mara moja.

Tatu, uandaliwe mkataba mfano wa amana, unaotaja wazi mmiliki wa karatasi, mmiliki wa hakimiliki, sehemu zinazofungwa kwa muda, na haki ya familia kupewa nakala.

Nne, kazi ianze na walio hai. Watunzi wa nyimbo, wachoraji na waigizaji wa mpakani wanahifadhi daftari na kanda majumbani, ambako mchwa na unyevu havingoji bajeti. Kumsaidia msanii kupanga na kutarehesha karatasi zake leo ni rahisi kuliko kuzitafuta katika mabara matatu kesho.

8. Hitimisho

Mtawanyiko wa nyaraka za mtu kama Okot p'Bitek ulitokana na historia ya mpaka, ya uhamisho na ya ajira, wala hautaondolewa kwa kugombania makasha. Unaweza kupunguzwa kwa kuziwezesha taasisi za pande mbili kuandika orodha moja. Busia imekwisha kuonyesha kwamba maafisa wa nchi mbili wanaweza kuketi chini ya paa moja kwa ajili ya shehena za saruji na mafuta. Miswada ya washairi nayo yastahili utaratibu huo, kabla wanaoweza kutueleza ni nani aliyeandika barua gani, na kwa nini, hawajatutoka.