Ulimi Mtamu na Sikio la Askari



Kabla askari hajakabidhiwa bunduki hukabidhiwa amri, na amri ni maneno. Polisi naye, kabla hajamfikisha mtu mahakamani, huandika maelezo, na maelezo ni maneno. Kwa hiyo yawapasa watu wa kazi hizi mbili, kuliko raia wengine, kuyajua maneno kwa majina yake, na kutambua ni lini yanaeleza jambo, ni lini yanalipamba, na ni lini yanalificha.

Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kambini hapa Uganda tangu siku za King's African Rifles, na ambacho mwaka 2005 kiliingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili, kina hazina kubwa ya maneno ya kutaja namna za kusema. Tuanze na yale ya sifa. Ufasaha ni kusema kwa lugha safi iliyo wazi, hata msikilizaji asihitaji kuuliza mara ya pili. Amri njema haina budi kuwa fasaha. Ulumbi ni ustadi wa kusema mbele ya watu. Juu ya hayo ipo balagha, yaani ufundi wa kuyapanga maneno ili yamwingie mtu moyoni na kumshawishi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake ni moja na la neno baleghe. Maana yake ni kufika. Maneno yenye balagha ni maneno yaliyofika.

Lakini si kila kinachofika huleta heri. Mshale nao hufika. Ndiyo maana lugha ina kundi la pili, la maneno ya lawama. Kupiga chuku ni kulikuza jambo kupita kiasi chake. Chuku kwa asili ni pembe ya kuumikia, na aliyeiona kazi yake anajua jinsi ngozi inavyovimba chini ya pembe ile. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumpa sifa asizostahili; ukoka ni majani tu, na kilemba cha majani hunyauka kabla ya jioni. Porojo ni maneno mengi yasiyo na kitu ndani. Hadaa na ulaghai ni maneno matamu yenye nia mbaya. Kasumba, ambayo zamani ilikuwa jina la afyuni, siku hizi ni fikra inayopandikizwa kichwani mwa mtu mpaka akili yake ikalala.

Kati ya makundi hayo mawili limesimama neno moja ambalo askari hana budi kulichunga sana, nalo ni tafsida. Tafsida ni kulitaja jambo zito kwa neno laini. Tunaposema kwamba fulani ameaga dunia, twawahifadhi wafiwa, na huo ni uungwana. Tafsida hiyo hiyo ikitumika kuficha damu, hugeuka kuwa pazia la mwuaji.

Nchi hii imeyaona hayo kwa macho yake. Tarehe 25 Januari 1971 zilisomwa katika Radio Uganda sababu 18 za jeshi kutwaa serikali. Miongoni mwa malalamiko hayo yalikuwamo kuwekwa watu kizuizini bila mashtaka, na kutofanyika kwa uchaguzi. Maneno yale yalifika. Watu wengi wa Kampala waliingia barabarani wakishangilia. Miaka minane ikapita bila uchaguzi, na watu wakachukuliwa kwa wingi kuliko kwanza. Chombo kilichowachukua, chenye makao yake Nakasero, kilipewa jina lenye maana ya Ofisi ya Utafiti wa Taifa. Kingine, cha polisi, kule Naguru, kiliitwa Kikosi cha Usalama wa Raia. Utafiti na usalama ni maneno mema. Majina hayo mema yaliwarahisishia vijana wengi kutenda jambo ambalo, kama lingetajwa kwa jina lake, huenda mikono yao ingetetemeka.

Mwezi wa Februari 1977, Radio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum, pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth Ofumbi na Erinayo Oryema, ambaye aliwahi kuwa mkuu wa Polisi, walikufa katika ajali ya gari. Mwili wa Askofu ulipoonekana ulikuwa na majeraha ya risasi. Neno moja tu, ajali, lilitumwa kuzika ukweli wote, nalo likashindwa.

Hata hivyo tusiidharau balagha yenyewe. Idi Amin, aliyekwisha kujipachika cheo cha Mshindi wa Dola ya Kiingereza, alitangaza mwaka 1978 kwamba ardhi ya Kagera imekuwa mali ya Uganda. Tarehe 2 Novemba mwaka huo, Mwalimu Nyerere aliwahutubia wananchi wake kwa Kiswahili. Alitaja mambo matatu, sababu, nia na uwezo, na kila moja akaliweka katika sentensi ya umbo lile lile. Ufundi huo huitwa takriri. Msikilizaji hakuhitaji karatasi ili ayakumbuke. Tofauti ya wasemaji hao wawili ilikuwa hii: mmoja alipamba alichokuwa nacho, mwingine alipamba asichokuwa nacho. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na waliolipa gharama ya chuku ile ni pamoja na askari wadogo walioachwa mstari wa mbele.

Basi askari anaposikia maneno yanayomchoma moyo na ajiulize mambo matatu. Je, neno hili likiondolewa mapambo, linabaki jambo gani? Je, tendo ninaloelekezwa lina jina lake halisi, na jina hilo ni lipi? Je, anayesema ametenda nini kabla ya leo?

Polisi naye na aipime kalamu yake. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa, wala si mhalifu, mpaka mahakama imtie hatiani au yeye mwenyewe akiri kosa mbele yake. Hivyo ndivyo ilivyoagiza Katiba ya 1995 katika ibara ya 28. Aliyepigwa aandikwe kuwa amepigwa. Kuandika kwamba alianguka ni kufanya tafsida kuwa ushahidi wa uongo.

Ulimi hauna mfupa, walisema wazee. Hauna cha kuuzuia usipinde huku na huko. Mfupa wake basi uwe katika sikio la anayesikia, na hasa sikio la yule aliyepewa bunduki na taifa.