Je, Wajua? Kilele ni cha mpandaji, nyasi ni za wote

Mkoa wa Singida hauna theluji wala hifadhi ya taifa ya nyasi za mawinguni. Lakini anayeishi hapa anakanyaga miamba mikongwe kupita kiasi, ana jirani mrefu upande wa Manyara, na taa anayowasha jioni inategemea kwa sehemu maji yaliyoanzia kwenye nyasi za milima ya mbali. Yafuatayo ni mambo ya vilima, milima na vilele ambayo huenda hukuyajua.

Je, wajua kwamba majabali ya Singida ni makongwe kuliko Kilimanjaro takriban mara elfu moja?

Volkano za Kilimanjaro zilianza kujijenga yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Graniti ya Singida ni sehemu ya kitako cha kale cha Tanzania ya kati, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba huo ulipoa polepole chini kabisa ya ardhi, ukapasuka kwenda juu na kwenda pembeni, maji yakapenya kwenye nyufa. Pembe za kila pande la jiwe zilioza upesi kuliko katikati, kwa hiyo pande likawa mviringo likiwa bado limefukiwa. Mvua za miaka mingi ziliposomba udongo, mawe yakabaki wazi, moja limekaa juu ya jingine bila mtu kuyapanga. Tembea kando ya Ziwa Singidani, pale pale mjini, uyatazame kwa karibu: jua la mchana na baridi ya usiku vinaendelea kuyabandua tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu.

Je, wajua kwamba dhahabu ya Iramba iligeuzwa sarafu yenye picha ya mlima?

Madereva wa malori ya barabara ya Singida kwenda Nzega wanaufahamu mteremko wa Sekenke, mahali ambapo uwanda wa Iramba unakatika ghafla kuelekea mbuga za Wembere. Wajerumani walichimba dhahabu hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipofunga njia za baharini na fedha zikaadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli ikapiga sarafu za rupia 15. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani, na upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitengenezwa 16,198 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzigombania.

Je, wajua kwamba treni ya reli ya kati hupanda ukuta wa Bonde la Ufa ndani ya Singida?

Abiria anayetoka Dodoma huvuka kwanza tambarare za Bahi, kisha treni inaanza kupanda kuanzia Saranda hadi Manyoni. Kupanda huko ndiko kuuparamia ukuta wa Bonde la Ufa. Juu ya ukingo huo huo ndipo ilipo Kilimatinde, mahali ambapo Wajerumani waliweka boma lao kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Ukisimama ukingoni unaona tambarare yote ya chini, na unaelewa mara moja kwa nini walipachagua.

Je, wajua kwamba mlima wa nne kwa urefu Tanzania uko chini ya kilomita 100 kutoka Singida mjini?

Ni Mlima Hanang, volkano iliyozimika, wenye kimo cha takriban mita 3,420. Unatanguliwa na Kilimanjaro (mita 5,895), Meru (mita 4,566) na Loolmalasin wa nyanda za Ngorongoro. Umesimama peke yake juu ya mji wa Katesh, kando ya barabara ya Singida kwenda Babati, ndiyo maana siku ya anga safi unaonekana kutoka mbali sana. Kwa Wabarabaig ni mahali patakatifu. Mpandaji anayefuata njia ya Jorodom hupita msitu, kisha vichaka vifupi, na mwisho hushika mgongo wa nyasi na mawe unaopigwa na upepo pande zote mbili.

Je, wajua kwamba kileleni Hanang maharage yatakutesa?

Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Singida mjini, kwenye mita 1,500 hivi, huchemka kwa nyuzi 95, na juu ya Hanang kwa nyuzi 88 au 89. Sufuria inatokota kwa kishindo huku maharage yakibaki magumu. Joto la hewa nalo hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 kila mita 1,000, kwa hiyo mtu aliyetoka Singida na shati jepesi atakuta kileleni baridi iliyozidi ya kwao kwa nyuzi 11 au 12, bado upepo.

Je, wajua kwamba kuna mimea inayojifunika usiku?

Kwenye ukanda wa Kilimanjaro ulio juu ya msitu, mchana jua huchoma na usiku maji huganda, karibu kila siku ya mwaka. Senesio kubwa za huko, ndefu kuliko mtu, haziangushi majani yaliyokauka. Huyaacha yaning'inie na kulizunguka shina, yakawa blanketi. Lobelia ya Kilimanjaro inatumia njia nyingine. Majani yake yamepangana kwa mduara na katikati hushika maji. Jioni hujikunja juu ya kichipukizi. Maji ya juu yakiganda, ya chini yake yanabaki bila kuganda, na kichipukizi kinaamka salama.

Je, wajua kwamba Tanzania ina hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya maua?

Ni Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwenye nyanda za juu za Mbeya na Njombe, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 413. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Tembo na simba siyo hoja huko. Watu hutembea kwa miguu juu ya vilima vya nyasi, hufika Mtorwi wenye mita 2,961, na wenye nguvu zaidi huvuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, uwanda unachanua aina kwa aina, zikiwemo okidi zipatazo aina 45.

Okidi hizo zina adui jikoni. Viazi vyake vya ardhini hukaushwa, husagwa, huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, na kupikwa hadi vishikane kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Ukichimba kiazi umeua mmea wote. Biashara hiyo ya kuvuka mpaka ni moja ya sababu zilizowafanya wataalamu wa mimea wadai Kitulo iwe hifadhi.

Je, wajua kwamba taa ya Singida ina deni kwa nyasi za Kitulo?

Udongo mweusi wa nyanda hizo, wenye mboji nyingi, hunyonya mvua na ukungu na kuviachia polepole wakati wa kiangazi. Vijito vyake vinalisha Ruaha Mkuu. Mto huo unajaza bwawa la Mtera, unaendesha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha unaungana na Rufiji na kuingia Bwawa la Julius Nyerere. Umeme unaingia gridi ya taifa, na laini kubwa ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita Dodoma na Singida. Mashine ya kukamua alizeti Iguguno au Ikungi ina sehemu yake katika mvua iliyonyesha juu ya okidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa jirani. Hifadhi ya Aberdare nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950, ina nyasi za juu zinazofika kilele cha Lesatima chenye mita 4,001. Miteremko yake ndiyo inayojaza mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, na mkazi wa Nairobi hunywa kutoka huko.

Je, wajua kwamba moto unaweza kukausha mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu?

Vichaka na misitu ya erika iliyo juu Kilimanjaro hukamata ukungu kwa majani yake madogo na kuudondosha chini kama maji. Watafiti wamekadiria kwamba maji yaliyopotea kwa kuungua misitu hiyo tangu miaka ya 1970 ni mengi kuliko yale yatokanayo na barafu. Moto ulioanza Oktoba 11, 2020, eneo la Whona, uliteketeza takriban kilomita za mraba 95, na taarifa za awali za mamlaka zilisema chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula.

Je, wajua kwamba mlima uliotulia unaweza kushuka?

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilifuata makorongo hadi Katesh na vijiji vya karibu, na watu 89 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba haikuwa volkano. Waliokufa walikuwa wameuona mlima huo kila siku ya maisha yao. Anayekwenda Hanang leo awakumbuke kwa heshima kabla ya kuuliza njia.

Ukiamua kupanda

Chagua miezi ya ukavu, Juni hadi Oktoba. Pata kibali na mwongozaji kabla ya kuanza, ondoka alfajiri, na beba maji ya siku nzima, kwa sababu juu hutayapata. Usiwashe moto kwenye nyasi kavu, hata wa chai, wala usikate njia ya mkato mteremkoni, maana korongo huanzia kwenye alama ya kiatu. Picha ya kileleni ni yako na utaionyesha nyumbani. Nyasi ulizopita zinafanyia kazi watu wengi ambao hawatapanda mlima maisha yao yote, na ndizo zinazohitaji ulinzi wako kwanza.