Mambo Yanayoathiri Matokeo ya Ujifunzaji wa Kompyuta katika Shule za Mpakani: Mtazamo kutoka Lumino, Busia

1.0 Utangulizi

Lumino ni mji mdogo wa wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Nchini Uganda, TEHAMA ni miongoni mwa masomo tanzu ya kidato cha tano na cha sita, na hupimwa kwa nadharia na vitendo. Serikali imezipatia shule nyingi za sekondari maabara za kompyuta. Hata hivyo, idadi ya mashine pekee haielezi kwa nini wanafunzi wa darasa moja hupata matokeo tofauti.

2.0 Muda wa Kutenda na Tajriba ya Awali

Ikichukuliwa kwamba kipindi kina dakika 40, wanafunzi ni 60 na kompyuta ni 15, kila mashine huhudumia wanafunzi 4. Kila mmoja hupata dakika 10, kabla ya kutoa muda wa kuwasha mashine. Umeme ukikatika, somo la vitendo hugeuka nadharia. Aidha, aliyezoea kompyuta nyumbani ndiye hushika kipanya, ilhali asiyewahi kuigusa hubaki mtazamaji. Hivyo, pengo hupanuka ndani ya maabara iliyokusudiwa kuliziba.

3.0 Lugha

Mwanafunzi wa Lumino aghalabu huzungumza Kisamia nyumbani, husikia Kiswahili katika biashara ya mpakani, na hufundishwa kwa Kiingereza. Anapokosea fomula ya lahajedwali, ni vigumu kubaini iwapo kilichomshinda ni mantiki au msamiati. Kiswahili kinaweza kubeba maarifa haya: mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kikwazo ni istilahi kutowiana. Panapotumika "tarakilishi" Kenya, Tanzania husema "kompyuta".

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Watunga sera wapime dakika ambazo kila mwanafunzi anatenda, si idadi ya mashine zilizogawiwa. Walimu wabadilishane zamu za wanafunzi kwenye kibodi kwa utaratibu maalumu. Kwa kuwa mtaala wa Uganda wa mwaka 2020 umefanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, dhana zinaweza kufafanuliwa kwa Kiswahili kabla ya istilahi za mtihani. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuongoza usanifishaji wa istilahi hizo.