Bendi za harusi: Riziki iliyomo katika nyimbo za wenzao

WAHENGA walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Hata hivyo, wapo wanamuziki ambao kila Jumamosi hucheza kwa watu, wakaimba tungo za watu, na tuzo yao ikategemea mapatano waliyoandikiana na kamati ya harusi.

Hawa ni wanamuziki wa bendi za kukodiwa. Kazi yao ni kupiga nyimbo ambazo tayari zinajulikana, au 'kopi' kama wenyewe wanavyoziita. Wapo wanaowabeza wakidai kwamba hawana ubunifu. Je, dai hilo lina mashiko?

Chimbuko la bendi nyingi za aina hii nchini Kenya ni hoteli za kitalii. Sekta ya utalii ilipopanuka Pwani katika miaka ya 1970, hoteli zilihitaji wanamuziki wa kuwatumbuiza wageni wakati wa chakula cha jioni. Muziki wenyewe ulipaswa kuwa wa sauti ya chini, mtamu na usiomzuia mlaji kuzungumza na mwenzake.

Them Mushrooms ni miongoni mwa bendi zilizopitia huko. Mwaka 1982 bendi hiyo ilitoa 'Jambo Bwana', utunzi wa Teddy Kalanda Harrison, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka uliofuata, kundi la Boney M lenye makao yake Ujerumani lilitoa toleo lake. Safari Sound Band nayo iliurekodi. Hivyo basi, bendi iliyozoea kuwaburudisha watalii ilitunga wimbo ambao bendi nyingine za hotelini zinauiga hadi leo.

Mtindo huo wa hotelini ndio uliohamia katika kumbi za harusi. Bendi ya kawaida huwa na gitaa la solo, gitaa la besi, kinanda, ngoma na waimbaji wawili au watatu. Pale ambapo bajeti ni finyu, kinanda hubebeshwa kazi ya besi na ya ngoma pia, na watu watatu wakafanya kazi ya sita.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria harusi huenda amegundua kwamba muziki hubadilika kadiri saa zinavyosonga. Hilo halitokei kwa sadfa. Wageni wanapowasili na kula, bendi hupiga nyimbo za taratibu, na aghalabu ala hutangulia sauti. Maharusi wanapoingia, mdundo hupanda. Baada ya keki kukatwa na hotuba kwisha, huja zamu ya rumba, benga na nyimbo za lugha za jamaa za pande zote mbili.

Hapo ndipo ustadi hupimwa. Mzee akiomba wimbo wa ujana wake, kiongozi wa bendi hana budi kuutambua, kuchagua ufunguo unaomfaa mwimbaji na kuwapa wenzake ishara papo hapo. Akikosea, ukumbi mzima utajua, kwa maana kila mgeni anaufahamu wimbo huo. Mtunzi hupimwa kwa jambo jipya alilolileta. Mwigaji hupimwa kwa kumbukumbu ya kila aliyeketi ukumbini.

La ajabu ni kwamba baadhi ya nyimbo zinazopendwa zaidi harusini hazina maneno ya harusi. 'Malaika', uliorekodiwa na Fadhili William na baadaye kuimbwa na Miriam Makeba, ni kilio cha kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali. 'Sina Makosa' wa Les Wanyika unahusu mapenzi ya siri ya watu ambao kila mmoja ana mwenziwe nyumbani. Hata hivyo, wazazi wa pande zote mbili huinuka wakacheza. Bendi hujifunza mapema kwamba wageni hucheza kumbukumbu zao, si maneno ya wimbo.

Zipo familia, hasa za walokole, zisizotaka muziki wa dunia. Kwa sababu hiyo, bendi inayotaka riziki ya mwaka mzima huwa pia na hazina ya nyimbo za injili.

Na malipo je? Kwa kawaida bendi hudai arbuni siku ya mapatano na salio kabla ya kupanda jukwaani. Bendi iliyokubali kulipwa baada ya sherehe hujipata ikiisaka kamati iliyokwisha kutawanyika. Mapato yanapogawanywa, mwenye vyombo aghalabu hupata fungu la ziada, kwa sababu nyuzi zikikatika au kipaza sauti kikiungua, gharama ni yake.

Isitoshe, mshindani wao mkuu ni DJ. Yeye huja na tarakilishi na spika, hahitaji mazoezi, na ujira wake haugawanywi kwa watu saba. Ugonjwa wa Covid-19 nao ulizidisha dhiki: serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko mwezi Machi 2020, wanamuziki waliotegemea harusi walipoteza riziki kwa mkupuo mmoja.

Kuna pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na inampa mamlaka juu ya kazi yake inapowasilishwa kwa umma. Ndiyo sababu hoteli na kumbi hutakiwa kulipia leseni, ili mirabaha imfikie mwenye wimbo. Leseni hiyo isipolipwa, bendi hupata mlo wa jioni hiyo ilhali mtunzi haambulii chochote.

Haya yote yanaonyesha kwamba kumwita mwanamuziki huyu mwigaji tu ni kumpunja. Nyimbo nyingi za zamani hazichezwi tena redioni kila siku, na kijana wa leo huzisikia kwa mara ya kwanza zikiimbwa na watu anaowaona, katika harusi ya shangazi au binamu yake. Bendi hizi zikitoweka, nyimbo zitabaki katika kanda na mitandaoni, lakini hapatakuwa na wa kumjibu mzee anayeomba wimbo wake.

Basi anayepanga harusi na anahitaji bendi aisikilize kwanza ikipiga, aandikiane nayo saa na malipo, aulize kuhusu leseni ya ukumbi, na awatengee wanamuziki chakula chao. Aidha, akumbuke kanuni za kelele za mwaka 2009, ambazo huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja. Rumba ikianza saa nne kwa sababu hotuba zilikuwa nyingi, kosa halitakuwa la mpiga gitaa.